Shimizi la Ijumaa

Sehemu ya Tisa

"Sheikh, usimuulize yeye. Liulize shimizi lake!"

Hapo ndipo nilipowaacha, na najua mlinilaani wiki nzima. Mama mmoja alinisimamisha sokoni Ngamiani, kapu mkononi, akataka nimwambie papo hapo shimizi linaulizwaje. Nikamwambia asubiri gazeti. Kadhi mwenyewe, Sheikh Haji, naye maskini alikuwa hajui.

"Shimizi?" Kadhi alikohoa, akatazama dari. "Bibi, hapa tunazungumza mambo ya sheria."

"Na mie nasema sheria," alijibu Jumana. Alikuwa amesimama, kidole kimenyooka usoni kwa wifi yake. "Huyu anadai kaka yangu kamtupa, miaka hajamwona. Uongo mtupu! Kila Ijumaa shimizi lake la harusi liko kambani. Mtaa mzima wa Chumbageni huliona."

Mliochelewa kuanza, shikeni hapa. Aliyenyooshewa kidole ni Shemsa. Mumewe, Taimur, alikwenda Maskati miaka saba nyuma. Mwanzo alipiga simu, kisha akapunguza, kisha kimya. Alichoacha ni nyumba, mama mzee aitwaye Bi Khuloud, na mke wa kumtunza mama huyo. Asubuhi ile ya Jumatano Shemsa alikuwa kwa kadhi kuomba jambo moja tu, afunguliwe kwenye ndoa isiyo na mtu. Kaka yake, Muhanad, ndiye aliyemshika mkono mpaka pale. Na Jumana, dada wa Taimur, ndiye aliyekuja kumfungia mlango.

Sheikh Haji aliwageukia wanawake waliojaa barazani. "Ni kweli mmeliona?"

Mabaibui yalitikisika kukubali.

Msomaji wa bara utaniuliza, shimizi kambani ndiyo nini? Sikiliza. Mtaani kwetu nguo ya ndani haianikwi wazi. Huanikwa chini ya kanga, jua lipate, macho yakose. Lakini Ijumaa ina yake. Mwanamke ambaye mumewe yupo, usiku wa kuamkia Ijumaa hutoa shimizi lake zuri, akalifukiza udi, akapachika kikuba, kishada kidogo cha asumini, kifuani. Asubuhi hulifua, hulianika chini ya kanga, na huiacha lesi ya pindo ichungulie kidogo tu. Hakuna aliyefundishwa hilo kwa maneno. Majirani wakiona lesi wanajua, bwana kalala nyumbani. Mwenye mume safarini, Ijumaa huanika mashuka.

"Weye umemwona Taimur kwa macho yako?" kadhi aliuliza.

"Yuwaja kimyakimya. Hupitia Moa, kwenye shamba la minazi la mume wangu Yaqoub, yeye ndiye humpokea. Na wasiosadiki, wawaulize majirani ni nani aliyewaambia kwamba Taimur yuwaja kimyakimya. Ni huyu huyu, kwa kinywa chake!"

Na hilo, jamani, lilikuwa kweli. Shemsa alilisema, tena zaidi ya mara moja.

"Bi Shemsa," kadhi aliuliza kwa upole, "mumeo alikuja au hakuja?"

"Hakuja, sheikh. Hata siku moja."

Muhanad aligeuka polepole akamtazama dada yake. Rangi ilikuwa imemtoka.

"Shemsa," alinong'ona. "Kama si Taimur, ni nani?"

Nimtendee haki Jumana. Yeye hilo hakuwa amelifikiria. Alikuja kumrudisha wifi yake nyumbani, basi. Lakini masikio yake yalilidaka neno, na kinywa hakikungoja ruhusa.

"Eeh! Kama si kaka yangu, ulimvalia nani?"

Baraza likalipuka. Mmoja alisema astaghfirullah, wa pili akauliza jina la mwanamume, wa tatu akaanza kulitaja. Sheikh Haji alipiga mkeka kwa kiganja mpaka wakanyamaza.

"Bi Shemsa, kesho asubuhi uje na jibu. Na weye Bi Jumana, Ijumaa baada ya swala nataka mumeo awe hapa, aseme kama alimpokea Taimur. Utamleta?"

"Nitamleta," Jumana alisema, akajifunga vizuri mtandio. "Alhamisi Yaqoub hulala nyumbani. Ndiyo kawaida yake."

Lishikeni hilo neno. Tutalirudia.

*

Mwanamume hakuwepo. Ilikuwepo ndoo.

Ilianza miezi michache baada ya Taimur kuondoka. Ijumaa moja Shemsa alikuwa akianika mashuka, Jumana akachungulia kwenye kilango cha ukuta unaotenga nyua zao. "Pole wifi yangu," alisema. "Kamba imekuwa kavu siku hizi." Hakuwa na ubaya, alikuwa na huruma. Lakini huruma ile ilimlaza Shemsa macho wazi wiki nzima.

Ijumaa iliyofuata alifungua sanduku, akatoa shimizi lake la harusi, la satini rangi ya maziwa. Akalichovya kwenye ndoo, akalikamua, akalianika. Lesi ikachungulia. Kabla ya adhuhuri jirani wa kwanza alikuwa mlangoni, uso umechanua.

"Karudi?"

"Alipita tu. Hapendi makelele ya wageni."

Basi. Uongo wa siku moja ukawa kazi ya kila wiki. Na usiku, ukitaka kujua, Shemsa alilala na gauni kuukuu la kitenge lililochanika kwapani. Alilala upande mmoja wa kitanda. Upande wa pili aliweka nguo zilizokuwa zikingoja pasi, pasije pakawa patupu.

Sasa Jumatano ile alirudi nyumbani akakuta vita uani. Mama Loveness, mpangaji wake wa chumba cha nyuma, alikuwa amesimama mlangoni mikono kiunoni. Jina lake Praxeda, mjane, Mkatoliki aliyezaliwa kwenye kambi ya shamba la mkonge. Binti yake, Loveness, alikuwa anatoka kwenda saluni alikofanya kazi, kavaa jinzi na shimizi jeusi, vijikamba viwili mabegani, hana kitu kingine juu.

"Hiyo ni nguo ya ndani!" Praxeda alifoka.

"Mama, siku hizi ni ya nje."

"Nani kasema?"

"Kila mtu, mama! Shikamoo da Shemsa." Loveness akachupa nje kabla hajajibiwa.

Praxeda alisonya, akamvutia Shemsa kigoda. "Nimesikia ya kwa kadhi. Yamefika kabla yako."

Shemsa aliketi. Hakuvua baibui.

"Mimi nimekuona, dada," Praxeda alisema. "Huwa naamka mapema kuwahi misa. Unalichovya bila sabuni. Halina jasho, halina doa, unalilowesha tu. Mwaka wa kwanza nilidhani ni mambo ya dini yenu."

Shemsa alicheka kidogo, kisha akalia kidogo.

"Niende nikaseme?"

"Usiende."

"Wanakuita malaya, Shemsa!"

"Tusi watalisahau. Lakini wakijua kwamba nalowesha nguo safi ili nionekane nina mtu, Mama Loveness, watanihurumia mpaka nife. Watakuwa wananiletea visahani vya halua. Siwezi."

Praxeda alichuna uzi kwenye kitenge chake.

"Mimi langu nalivaa Jumapili chini ya blauzi ya lesi," alisema. "Halionwi na mtu. Marehemu mwenyewe hayupo wa kuliona. Ila nikilivaa najisikia mtu. Sasa wewe lako linajulikana na mtaa mzima, na hulivai. Hilo ndilo linanisikitisha."

Alasiri Shemsa alimwogesha Bi Khuloud. Mzee alikuwa akitembea kwa fimbo, macho yamefifia, lakini masikio yake yalisikia mpaka mchele ukipetwa nyumba ya tatu. Kwa ajili ya upepo wa kusi alivaa mashimizi mawili chini ya gauni, la pamba kwanza, la flaneli juu yake, na Shemsa ndiye aliyemfunga vifungo.

"Mama," Shemsa alisema akiwa amepiga magoti mbele yake, "weye wajua kwamba hakuna mwanamume aliyeingia nyumba hii."

"Najua."

"Wajua na la shimizi?"

"Toka Ijumaa ya kwanza. Nilisikia maji ya ndoo, sikusikia kufikicha."

Shemsa alimshika mikono. "Basi njoo useme kesho. Neno lako moja litatosha."

Bi Khuloud alivuta mikono yake taratibu.

"Mie ni mamake Taimur. Sitakaa mbele ya watu niseme mwanangu katupa mke." Aliipapasa fimbo yake. "Na ukifunguliwa, Shemsa, weye utakwenda. Mie nabaki na nani?"

Shemsa alimalizia vifungo, akaenda kupika uji.

*

Alhamisi asubuhi baraza lilifurika. Waliokuja na haja ya sheria walikuwa wachache, waliokuja kusikia jina la mwanamume hawakuwa na pa kuketi.

Shemsa aliingia na kikapu. Alipiga magoti, akatoa shimizi la satini, akalitandaza juu ya mkeka mbele ya wote. Wanawake walivuta pumzi. Kuliona pindo ni jambo moja, kuliona lote mbele ya wanaume ni jambo jingine. Sheikh Haji aligeuza uso.

"Litazameni," Shemsa alisema. "Pindo limekwajuka kwa jua la Ijumaa za miaka saba. Kwingine kote ni kama lilivyotoka dukani. Mabega hayajalegea. Kifuani pana alama moja ya asumini, ya mwaka niliokuwa na mume. Nyie ni wanawake, mwajua shimizi lililovaliwa lilivyo."

Shingo zilirefuka. Mama mmoja aliyekuwa mbele aligusa kamba ya bega, akaurudisha mkono wake haraka.

"Sikumvalia mtu. Tangu Taimur aondoke sikulivaa kabisa. Kila Ijumaa nilikuwa nalowesha nguo safi. Niliona haya kuwa na kamba kavu. Nilitaka mpite nje mseme, Shemsa naye anaye wake. Uongo wa kwamba Taimur hupita kimyakimya niliutunga mie. Hakupita. Hakuna aliyepita."

Alisema hayo bila kulia. Nami nilidhani, na Shemsa alidhani, kwamba baraza lingeangua kicheko. Halikucheka. Mwanamke mmoja nyuma aliinamisha kichwa, kisha wa pili. Mmoja alijifanya anatafuta kiatu chake. Shemsa aliyaona hayo na hakuyaelewa.

"Maneno tu!" Jumana alisema. Sauti ilimkwaruza. "Kajitungia usiku kucha! Kaka yangu yuwaja, na mie nitaapa!"

Sheikh Haji alivua miwani. "Bi Shemsa, moyo wangu umekusadiki. Lakini sihukumu kwa moyo. Kesho baada ya swala, Bi Jumana na mumewe wakishika msahafu wakasema Taimur alikuja, basi mikono yangu imefungwa. Utarudi nyumbani ukiwa mke wa mtu."

Nje Muhanad alimsogelea dada yake. Alikuwa na haya ya swali alilomwuliza jana, akashindwa kuomba radhi, akapekua funguo mfukoni.

"Naenda Moa," alisema. "Nataka kumsikia Yaqoub mwenyewe kabla hajaletwa. Usimwambie mtu."

*

Ijumaa.

Shemsa aliamka, akateleka uji jikoni kwa moto mdogo, akatoka uani mikono mitupu. Ilikuwa Ijumaa ya kwanza kwa miaka saba asiyochovya kitu. Kamba ilikuwa kavu kutoka ukuta hadi ukuta. Alijiona yuko uchi mbele ya mtaa mzima.

Simu ikalia. Muhanad.

"Tumeshatoka Moa, niko na Yaqoub, tunakuja."

"Umemkuta huko? Jumana kasema Alhamisi hulala hapa."

"Alilala huko? Tumelala chumba kimoja hapa Moa, kanikoromea usiku kucha. Majirani zake wanasema haondoki Moa huyu." Muhanad alishusha sauti. "Ana jambo, Shemsa. Hataki kulisema kwenye simu. Kaniambia neno moja tu, 'Shemsa anisamehe.'"

"Nimsamehe nini?"

Simu ilikuwa imekatika.

Shemsa aliinua macho. Ng'ambo ya ukuta, kwenye kamba ya Jumana, palikuwa na kanga imeanikwa. Chini ya kanga lesi nyekundu ilichungulia, ikidondosha maji.

Alifungua kilango bila kubisha hodi. Akaenda moja kwa moja kambani, akafunua kanga. Shimizi jipya, jekundu, la dukani. Alilivuta puani. Halikunuka sabuni, halikunuka udi, halikunuka mtu. Mikunjo ya pakiti ilikuwa bado imesimama, mmoja kifuani, mmoja tumboni. Ukishafanya kazi hiyo miaka saba huulizi mara mbili.

Nitawaambia ukweli, kwanza alifurahi. Hii hapa silaha! Alijiona amesimama kwa kadhi, analitandaza jekundu hili kando ya lile la maziwa, na Jumana anatafuta pa kuficha uso.

"Wafanya nini uani kwangu?"

Jumana alikuwa mlangoni, ndoo mkononi, nywele hazijafungwa.

"Yaqoub kalala?" Shemsa aliuliza.

"Kalala. Yuko ndani, anakunywa chai."

"Mwite nimwamkie."

"Ana kazi."

"Jumana. Muhanad kalala naye Moa."

Ndoo ilishuka chini, maji yakawamwagikia miguuni wote wawili. Jumana aliketi kizingitini kwa uzito, mwanamke yule aliyekuwa jana na juzi akitetemesha baraza.

"Tangu lini, wifi?" Shemsa aliuliza.

"Mwaka wa pili huu."

"Kila Ijumaa?"

"Kila Ijumaa. La kwanza lilipauka, hili nimelinunua wiki hii. Weye wadhani ni peke yako?" Jumana alijifuta pua kwa ncha ya kanga. "Jana ulipokuwa wasema, hukuwaona wenzio walivyoinamisha vichwa?"

Sasa Shemsa alielewa. Alizitazama kamba za nyua zilizopakana nao, zile zilizoonekana juu ya kuta. Lesi nyeupe, lesi ya samawati, lesi iliyochanika. Zote zilichungulia. Hakuweza tena kujua ni ipi iliyovaliwa.

"Na ukaninyooshea kidole," alisema.

"Ningefanyaje? Ukiondoka, mama namwogesha peke yangu. Na asubuhi nasema na nani kwenye ukuta huu? Na kuku?"

Shemsa alishika lesi ile nyekundu. Neno moja tu mbele ya kadhi, na hakuna atakayesadiki kiapo cha Jumana tena. Angekuwa huru kabla ya alasiri. Alimtazama wifi yake pale chini, miguu imelowa, kisigino kimepasuka. Hasira ilikuwepo. Ila alijiona mwenyewe pale kizingitini, na hasira haikupata pa kusimama.

Akairudisha kanga juu ya shimizi. Akaivuta mpaka lesi yote ikafunikwa.

"Usiape," alisema. "Ni hilo tu. Mwambie sheikh hukuwahi kumwona Taimur. Ya kamba yako sitayasema, leo wala kesho."

Hapo ndipo Jumana alipolia. Alilia kwa sauti, mkono umeziba mdomo.

"Usinitendee wema, Shemsa. Hujui. Wallahi hujui."

"Sijui nini?"

"Taimur alipiga simu. Mwaka juzi. Alipiga kwangu, Yaqoub kakaa kando yangu, sauti tumeifungua wote tunasikia. Akasema, 'Mwambieni Shemsa nimempa talaka. Aende kwao, nimemtakia heri.' Nikamwambia nitakufikishia."

Shemsa alisimama hapo hapo. Mkono ulikuwa bado kwenye kanga.

"Hukufikisha."

"Sikufikisha. Yaqoub akinambia kila siku, mwambie, usicheze na talaka ya mtu. Nikakataa. Akasema yeye halali kwenye nyumba yenye dhuluma. Akachukua nguo zake, akaenda Moa." Jumana alionyesha kamba. "Ndiyo hilo nalowesha mie."

"Kwa hiyo eda yangu..."

"Ilikwisha zamani."

"Na kwa kadhi? Juzi na jana, mbele ya wanaume, shimizi langu mkekani? Nilikuwa naomba nini mie?"

"Ulichonacho," Jumana alisema.

Shemsa akapiga hesabu. Miaka miwili alikuwa huru, na miaka miwili alichovya shimizi kwa ajili ya mwanamume asiyekuwa mumewe. Alikuwa amepata habari kubwa kuliko zote maishani mwake. Akazungusha macho uani amtafute wa kumwambia, na aliyekuwepo ni Jumana tu.

Nyuma yao fimbo iligonga sakafu.

Bi Khuloud alikuwa amesimama kwenye kilango, mashimizi yake mawili chini ya gauni, kichwa kimeinama upande, sikio limetegwa.

"Jumana," alisema. "Wasema nini na mke wa kaka yako? Hebu rudia."

Jumana aliinua uso uliolowa.

"Nirudie nini, mama? Si weye uliyenikataza nisimwambie?"

Shemsa aligeuka. Alimtazama mzee ambaye juzi alimwogesha, akamfunga vifungo, akamwomba kwa magoti aje aseme neno moja. Alingoja akane. Bi Khuloud hakukana. Macho yake yaliyofifia yaligeukia ule ua wenye kamba kavu, kisha yakarudi.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ya kila siku, "uji wangu uko tayari?"

Kwa miaka saba swali hilo lilikuwa na jibu moja. Harufu ya uji unaoungua ilikuwa imeshajaa ua. Na mlango wa mbele ulikuwa unabishwa hodi, sauti ya Yaqoub ikimwita Shemsa kwa jina lake na la baba yake, wala si 'mke wa Taimur'.